Mwanangu Hana Pepo, Wala Hahitaji Bakora

Ndugu, jamaa na marafiki, huku Minnesota baridi ni ile ile na boksi tunabeba kama kawaida. Nimepotea kidogo, mnisamehe, majukumu. Leo nimekaa kitako na chai yangu ya tangawizi kwa sababu nina dukuduku, na nisipolitoa nitapasuka.

Tangu niliposema kwamba madaktari wamemkuta kijana wetu wa pili, yule wa miaka 9, na hali inayoitwa kwa herufi ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na kutotulia, simu yangu haijapumzika. Kila mtu ana lake. Baba Mkubwa anasema ule ni ugonjwa wa wazungu, Mwafrika hauugui. Wifi amenitumia ujumbe wa WhatsApp kwamba mzungu aliyeubuni alikiri kabla ya kufa kuwa ni uongo. Rafiki yangu wa Dar anasema ni biashara ya kampuni za dawa. Kuna aliyesema aombewe. Na Shangazi, mwalimu wangu wa kwanza maishani, ametoa hukumu fupi: "Mlete Morogoro, muhula mmoja tu, atanyooka."

Nawapenda wote na najua mnasema kwa mapenzi. Lakini jamani, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Badala ya kurudia maelezo yale yale kwa kila anayepiga, nawajibu wote hapa hapa, mmoja mmoja. Atakayebaki na ubishi baada ya kusoma, karibu, ila aje na hoja.

KWANZA, TUELEWANE TUNAZUNGUMZIA NINI

Wengi mnadhani mtoto akirukaruka siku mbili kwenye makochi, mzazi wa Marekani anakimbilia hospitali. Utaratibu sio huo. Kitabu cha vigezo wanachotumia madaktari wa akili huku, katika toleo la mwaka 2013, kinataka mtoto awe na dalili zisizopungua 6, zidumu kwa miezi 6 au zaidi, ziwe zilianza kabla hajafika miaka 12, zionekane sehemu mbili au zaidi (nyumbani na shuleni, kwa mfano), na ziwe zinamharibia maisha kweli kweli. Mtoto anayesumbua darasa la mwalimu mmoja tu, akifika nyumbani katulia, hajatimiza. Anayesumbua tangu baba na mama waachane mwezi uliopita, hajatimiza.

Na kwetu hawakuanzia kwenye akili. Walianza na macho, masikio na usingizi, wakauliza kama kuna jambo linalomtisha nyumbani au shuleni. Ndipo fomu zikaja, moja ya mwalimu, moja yetu wazazi, tukazijaza bila kuonyeshana. Majibu yakafanana.

Hapo ndipo Baba Mkubwa alipouliza, "Sasa kipimo cha damu kilisema nini?" Hakuna kipimo cha damu. Hakuna picha ya ubongo inayoweza kusema huyu anayo na yule hana. Nakubali bila kificho. Lakini Baba, kipandauso kilichokuwa kikimlaza Bibi chumba cha giza siku mbili, nacho kilipimwa kwa damu? Daktari alimsikiliza, akauliza maswali, akajua. Hakuna aliyemwambia Bibi kwamba kichwa chake kinauma kwa sababu ya uvivu.

"UGONJWA WA WAZUNGU"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu inasemwa kana kwamba ni kututetea Waafrika.

Ni kweli walioandika mwanzo ni Wazungu. Daktari wa Kiskoti Alexander Crichton aliandika kuhusu watu ambao akili yao haiwezi kushika jambo moja mwaka 1798, kabla hakujawa na televisheni, soda wala simu za kuchezea. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara London kuhusu watoto waliolelewa vizuri, wenye akili ya kutosha, lakini wasioweza kujizuia. Lakini kuandika jambo mwanzo hakukufanyi uwe mmiliki wake. Na sisi tulikuwa na majina yetu muda mrefu. Mtukutu. Kichwa maji. Hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Sisi tuliona dalili zile zile, tukazipa jina la tabia na dawa yake ikawa fimbo.

Sasa sikilizeni hii, maana inaunganisha hapa ninapoishi na huko kwetu. Chuo Kikuu cha Minnesota kiko hapa hapa Minneapolis, kando ya mto Mississippi. Miaka ya 2000 mtafiti wake, Chandy John, na wenzake wa Uganda, akiwemo Paul Bangirana, waliwafuatilia watoto wa Kampala waliolazwa Mulago kwa malaria iliyopanda kichwani, ile ya degedege na kupoteza fahamu, ambayo kila familia yetu inaifahamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la madaktari wa watoto, Pediatrics. Miaka 2 baada ya mtoto kupona na kurudi nyumbani anacheza, asilimia 26.3 ya watoto hao walikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la uwezo wa akili. Kwa watoto wa jamii hiyo hiyo ambao hawakuugua, ilikuwa asilimia 7.6. Na eneo lililoumia zaidi lilikuwa lipi? Umakini! Asilimia 18.4 ya waliougua walikuwa na upungufu wa umakini, kwa wenzao asilimia 2.5.

Sisemi kwamba kila mwenye ADHD aliugua malaria. Mwanangu kazaliwa huku, malaria anaisikia tu kwenye hadithi zangu, na hali aliyonayo si sawa na jeraha la homa. Ninachosema ni kwamba umakini ni kazi ya ubongo, kama kuona ni kazi ya macho. Unaweza kupungua, na ukipungua unaweza kupimwa, kwa mtoto wa Kampala kama kwa mtoto wa Minneapolis. Sasa jiulizeni, wale watoto wa Mulago waliporudi darasani na kuanza kusahau daftari na kuangalia dirishani, mwalimu aliwaita wagonjwa au wavivu?

Kama hiyo haitoshi, mwaka 2017 madaktari wa Uganda walichapisha utafiti mwingine kutoka kliniki za watoto za Mulago, za mishipa ya fahamu na za akili, wakakuta takriban asilimia 11 ya watoto waliowachunguza wana ADHD yenyewe. Hao ni watoto waliokwisha fika kliniki, kwa hiyo msiichukue kuwa ni asilimia ya Uganda nzima. Lakini walikuwa watoto wa Kiafrika, wakichunguzwa na madaktari wa Kiafrika, kwenye hospitali ya Kiafrika. Ugonjwa wa wazungu umefikaje Mulago?

Na kingine. Hali hii inarithiwa sana. Uchambuzi wa tafiti za mapacha na familia uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya tofauti kati ya watu katika jambo hili inatokana na urithi, na mwaka 2023 watafiti walitaja sehemu 27 kwenye vinasaba zinazohusishwa nalo. Hakuna sehemu moja inayosababisha peke yake, kila moja inaongeza chembe tu. Kwa hiyo kabla hamjawacheka wazungu, tupitieni kwanza ukoo wetu. Yuko mjomba mmoja, simtaji, anajijua, aliyeanza biashara tano na hakumaliza hata moja, akapoteza baiskeli tatu kwa kusahau alikoziegesha, na hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake. Tunamcheka kila Krismasi. Mimi sijui kama anayo, si daktari. Ila siku hizi namkumbuka na sicheki tena.

"ALIYEUBUNI ALIKIRI"

Wifi, ujumbe ule umezunguka dunia nzima. Anayetajwa ni Leon Eisenberg, daktari wa akili za watoto wa Marekani, aliyefariki mwaka 2009. Maneno yenyewe yalitoka kwenye gazeti la Kijerumani la Der Spiegel mwaka 2012, yeye akiwa keshafariki. Ukisoma makala yenyewe, mzee alikuwa analalamika kwamba urithi umetiliwa mkazo kupita kiasi, na kwamba madaktari wanaona rahisi kuandika kidonge kuliko kukaa na familia na kuuliza mtoto anaishi katika mazingira gani. Lalamiko la maana kabisa! Mimi naliunga mkono. Lakini hakusema watoto wale hawana tatizo. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioendesha majaribio ya dawa hizo kwa watoto miaka ya 1960.

Halafu, "aliyeubuni" vipi? Nimewaambia Still aliongea mwaka 1902. Eisenberg alizaliwa mwaka 1922. Alibuni kitu miaka 20 kabla hajazaliwa? Jamani, kabla ya kusambaza, tusome.

"NI BIASHARA YA DAWA"

Hapa rafiki yangu wa Dar atashangaa, maana nusu ya hoja yake naikubali.

Ni kweli Marekani dawa ni biashara. Ni kweli idadi inapanda. Mwaka 2003 wazazi wa asilimia 7.8 ya watoto wa miaka 4 hadi 17 walisema mtoto wao aliwahi kuambiwa ana ADHD. Mwaka 2022, kwa watoto wa miaka 3 hadi 17, ilikuwa asilimia 11.4, watoto kama milioni 7. Si rahisi kuamini kwamba ubongo wa watoto umebadilika kiasi hicho kwa miaka 20.

Na ngoja niwape nyingine mbaya zaidi. Mwaka 2018 watafiti walilinganisha watoto waliozaliwa Agosti na waliozaliwa Septemba, katika majimbo ambako mtoto anaanza chekechea kama ametimiza miaka 5 ifikapo tarehe 1 Septemba. Minnesota ina tarehe hiyo hiyo. Wa Agosti ndiye mdogo kuliko wote darasani, wa Septemba anasubiri mwaka mzima. Wa Agosti walikuwa na uwezekano wa kuambiwa wana ADHD zaidi ya wenzao kwa asilimia 34! Maana yake wapo watoto wanaopewa jina la ugonjwa kwa sababu tu wana miaka 5 na wanakaa na wenye miaka 6. Hiyo ni aibu, na wazazi wenzangu wa huku nawaambia, kama mtoto wenu ni wa Julai au Agosti, mkumbusheni daktari kabla hajashika kalamu.

Hata Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiweka dawa kuu ya hali hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena mwaka 2021, likasema ushahidi haukutosha kuonyesha faida inazidi madhara. Hilo nalo sikulificha. Ila shirika hilo hilo, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeiweka ADHD humo kama hali ya kweli. Swali la dawa gani itolewe na swali la kama tatizo lipo ni maswali mawili tofauti.

Sasa twende taratibu. Mnakumbuka malaria ilivyokuwa ikitibiwa kwetu? Mtoto akipata joto, ni malaria. Kichwa, malaria. Kutapika, malaria. Unakwenda duka la dawa, unapewa vidonge bila kupimwa, na wengi waliomeza hawakuwa na mdudu hata mmoja kwenye damu. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuwa kila anayeshukiwa apimwe kwanza ndipo atibiwe. Je, kwa sababu malaria ilikuwa ikitajwa ovyo na wenye maduka walitajirika, ndiyo kusema malaria haipo? Nani kati yenu atasimama kwenye makaburi ya watoto wetu aseme malaria ni mradi wa wauza dawa?

Basi ni hivyo hivyo. Kitu kutajwa kupita kiasi hakukifanyi kiwe uongo. Kinachotakiwa ni kupima vizuri zaidi, na kubisha kwamba kipo hakusaidii kupima.

WAKIKUA INAKUWAJE?

Kusini ya hapa, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa barabara namba 52, kuna mji wa Rochester yenye hospitali ya Mayo Clinic. Watafiti wakiongozwa na William Barbaresi walichukua kumbukumbu za watoto 5,718 waliozaliwa mjini humo kati ya 1976 na 1982. Hawakuwauliza waliokuja kliniki tu, walichukua watoto wote waliobaki mjini, na faili zao za hospitali na za shule. Waliokutwa na ADHD ni 367. Wakafuatiliwa hadi utu uzima na matokeo yakatoka mwaka 2013.

Habari njema ni kwamba kati ya 232 waliokubali kuchunguzwa upya, ni asilimia 29.3 tu waliokuwa bado na hali hiyo kamili. Wengi wanatoka. Habari mbaya ni kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na tatizo lingine la akili, kama ulevi, hofu au sonona, wakati kwa wenzao ilikuwa kama theluthi moja. Na kati ya wale 367, saba walikuwa wamekwisha kufa. Watatu kati ya hao saba walijiua.

Rudieni kusoma sentensi hiyo, halafu mniambie tena "ni utundu tu, utaisha."

WATOTO WETU WEUSI WA HUKU

Mnaogopa kwamba shule za Marekani zinawalazimisha watoto weusi kumeza vidonge. Nawaelewa. Historia ya nchi hii na miili yetu si ya kuaminika. Lakini sheria ya elimu maalumu ya taifa, ilivyorekebishwa mwaka 2004, inakataza shule kuweka vidonge hivyo kuwa sharti la mtoto kuhudhuria masomo. Na sheria ya Minnesota inasema mzazi kukataa dawa za aina hiyo hakuhesabiwi kuwa ameitelekeza elimu ya mtoto. Kwa hiyo uamuzi ni wa mzazi.

Hatari inayotukabili sisi ni nyingine kabisa. Utafiti wa mwaka 2013 uliowafuatilia watoto wa Marekani kutoka chekechea hadi darasa la nane ulionyesha kwamba mtoto mweusi ana uwezekano mdogo kwa asilimia 69 wa kutambuliwa kuwa na ADHD kuliko mtoto mweupe wa hali inayofanana. Sasa mtoto mweusi asiyetulia anaitwaje? Anaitwa mkorofi. Anasimamishwa shule. Hapa Minneapolis hali ilifikia mahali ambapo Novemba 2014 mkuu wa shule zote za umma za mji, Bernadeia Johnson, alitangaza kwamba kila pendekezo la kumsimamisha mtoto mweusi, wa asili ya Amerika ya Kusini au wa makabila ya asili kwa kosa lisilo la vurugu, lipitiwe na ofisi yake kwanza. Hatua kama hiyo haichukuliwi pasipo na tatizo.

Mimi mwenyewe niliitwa shuleni mara tatu muhula mmoja (jina la shule kapuni). Mara zote tatu neno lilikuwa "tabia". Hakuna aliyetaja umakini mpaka nilipolitaja mimi. Kwa hiyo mkiniambia kwamba karatasi ya daktari ni njama ya kumharibu mwanangu, nawajibu kwamba karatasi ile ndiyo iliyomtoa kwenye orodha ya wakorofi ikamweka kwenye orodha ya wanaohitaji msaada. Kwa mtoto wa kiume mweusi katika nchi hii, tofauti ya orodha hizo mbili inaweza kuwa tofauti ya maisha yake yote. Wazazi wenzangu wa Brooklyn Park na Saint Paul mnaoficha kwa kuogopa aibu, fikirieni hilo. Kuna shirika la wazazi linaitwa PACER, liko hapa tangu mwaka 1977, linawafundisha wazazi haki zao shuleni. Nendeni mkaulize.

"MLETE ANYOOKE"

Sasa Shangazi. Naanza na shikamoo.

Najua methali utakayonipa, samaki mkunje angali mbichi. Lakini Shangazi, wewe ndiye uliyenieleza habari za yule mtoto aliyekuwa akikosea kunakili ubaoni kila siku na kuchapwa kila siku, mpaka mgeni mmoja akaja na miwani, kumbe haoni! Ulisimulia ukiwa na machozi. Fimbo zote zile zilimfundisha nini? Zilimfundisha kuichukia shule, kwisha.

Fimbo, kama inafanya kazi, inafanya kwa mtoto anayeweza na hataki. Mwanangu anataka. Nimemwona akikaa na hesabu kumi saa mbili nzima, analia, anajipiga kichwani kwa ngumi, anasema "Mama, kichwa changu hakikai." Huyo nimwongezee kipigo cha nini wakati anajipiga mwenyewe? Kanuni za kwetu Tanzania za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4, na kwa idhini ya mkuu wa shule. Tuliosoma huko tunajua hesabu ile inavyofuatwa. Kenya waliondoa fimbo shuleni mwaka 2001. Sitampeleka mtoto anayesahau kila kitu mahali ambako kusahau daftari ni kosa la bakora.

Na wanaosema aombewe, namwombea kila usiku. Lakini pepo hana. Aliyenipa mtoto ndiye aliyewapa madaktari akili.

Mnauliza basi anasaidiwaje. Anakaa kiti cha mbele, mbali na dirisha. Anapewa agizo moja moja. Anaruhusiwa kusimama na kunyoosha miguu kila baada ya kazi fupi. Sisi wazazi tulipewa mafunzo ya namna ya kumwelekeza, kumsifia pale pale anapofanya vizuri, na kuweka ratiba isiyobadilika. Kwa watoto wa chini ya miaka 6, mafunzo hayo ndiyo yanayopendekezwa kabla ya kidonge chochote. Na ndiyo, siku za shule anameza kidonge asubuhi baada ya uji. Kinampunguzia hamu ya chakula mchana, kwa hiyo jioni anakula kama mfanyakazi wa shamba, na daktari anampima uzito na urefu mara kwa mara. Hakijamfanya zezeta. Anacheka vile vile, anaropoka vile vile. Kilichobadilika ni kwamba wiki iliyopita alimaliza kitabu kizima, cha kwanza maishani mwake, akanifuata jikoni kunisimulia mwanzo hadi mwisho.

OMBI LANGU

Sikuandika haya ili mnionee huruma. Nina maombi matatu tu.

1. Msimwite kichwa maji kwenye simu. Kiswahili anakielewa kuliko mnavyodhani.

2. Mlio walimu, wewe Shangazi wa kwanza, katika darasa lenu la watoto 80 wapo wawili watatu wa namna hii. Vidonge hamna, najua, na muda wa kumkalia mmoja hamna. Lakini kumweka mbele, kumpa kazi ya kufuta ubao ili anyooshe miguu, na kumpa agizo moja badala ya matano, havina gharama. Na yule aliyewahi kulazwa kwa degedege, muulizeni mzazi wake kabla ya kushika fimbo.

3. Mkiletewa ujumbe wowote kuhusu ugonjwa huu, nipigieni kabla ya kuusambaza.

Mungu akijalia, Desemba tutakuja. Atakimbia uwanja mzima, atawafukuza kuku, atauliza maswali mpaka mchoke. Mtumeni dukani, anapenda sana kutumwa. Ila mkimtuma, mtumeni kitu kimoja. Akirudi nacho, msifieni, ndipo mmtume cha pili.

Wasalaam,
Mama yenu wa Minneapolis